Jawabu Kuhusu Picha 4117

Bwana Kithinji, umeuliza kwa nini
picha moja katika elfu mbili nimeirudisha tupu,
bila kisanduku, bila jina.
Mfumo umenikata alama. Sawa.
Nakuandikia kwa kuwa kidirisha cha "sababu"
kinapokea herufi thelathini tu,
na sababu yangu ina kuta za matumbawe.

Kazi naijua. Mwaka wa pili sasa
nakaa juu ya duka la dawa, Langoni,
feni ikikoroma,
nikichora mistatili kuzunguka watu nisiowajua:
mtu, mtu, mkokoteni, mtu,
mtu aliyeinama, mtu mwenye mzigo.
Senti ishirini kila kichwa.
Nilipiga hesabu siku moja: mji wangu mzima,
pamoja na watoto wa chuoni,
haufiki bei ya gunia la mchele.

4117 ilikuja saa tano usiku.
Imepigwa kutoka juu, nadhani ni ile kamera ya mnarani
tuliyoambiwa ni ya usalama.
Niliona wikio kwanza. Kisha plasta iliyobanduka
mfano wa kiatu. Kisha ndoo ya buluu
yenye mkono wa kamba,
na kamba ile niliifunga mimi.

Kiwandani, ua wetu usio na paa,
mama anachana nywele. Kichwa wazi.
Mvi ambazo shemeji zake
hawajapata kuziona miaka arubaini.

Maelekezo yalisema: chagua.
Jinsia. Umri. Anafanya nini:
kazi; mapumziko; jambo la kutiliwa shaka.
Nilishuka orodha hadi chini.
Hapakuwa na "yuko kwake".

Nyumba hizi, Bwana, walizijenga watu wasioliamini jicho.
Mgeni huishia dakani.
Ukivuka mlango, tekani inapinda,
macho yako yanagota ukutani.
Fundi hakukosea vipimo. Ile ni adabu, imepigwa chokaa.
Hodi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.
Usipoitikiwa unarudi ulikotoka,
hata kama umebeba mahari.
Kamera hii ilibisha wapi?

Utasema tuliridhia, karatasi ipo.
Ipo. Nilikuwamo ukumbini.
Tulitia saini mahudhurio,
tukapewa soda na sambusa mbili mbili,
na orodha ya waliohudhuria
ikalala, ikaamka orodha ya walioridhia.

Mama sikumwambia.
Asubuhi nilitundika shuka juu ya kiwanda.
Akauliza, kwani yaja mvua?
Nikasema, huenda.

Ningeishia hapo, ukanisamehe au ukanifuta.
Lakini kuna 4116.
Ilitangulia dakika moja tu: bibi wa nchi nisiyoijua,
amechuchumaa nyuma ya kibanda anaosha miguu,
nguo imepandishwa magotini, hajui kama anatazamwa.
Nilimchora. Sekunde tisa.
Mwanamke. Mzee. Mapumziko.
Nikabofya, nikanywa chai.

Naye ana mwana, pengine. Pengine mwana huyo
yuko chumbani mahali fulani, feni inakoroma,
na usiku ule alikuwa anachora mama wa nani?

Nyinyi mna neno "kufuta".
Sisi tuna "kusitiri", na si neno moja:
kilichofutwa huacha nafasi,
aliyesitiriwa bado yupo, amekaa, anachana nywele zake.

Kesho nitawasha mashine. Dawa za presha
hazinunuliwi kwa adabu, nalijua hilo,
wala sikudanganyi kwamba naacha.
Ila 4117 iache ilivyo, tupu,
na alama zangu chukua.
Na 4116, kama haijafika mbali,
nirudishie kwa usiku mmoja.
Nataka kumpigia hodi yule bibi,
japo nimeshaingia.